Alama Tisa

Siku ya kwanza ya mgomo, Bi Mizani alibeba karatasi zote za mtihani kutoka ofisini kwake, akazifunga kwenye shuka kuukuu na kuzisukuma chini ya kitanda. Wahadhiri walikuwa wameapa hadharani, mikono juu, kwamba hakuna atakayesahihisha hata karatasi moja mpaka serikali irudi nyuma. Yeye aliapa kwa sauti kubwa kuliko wengi. Jina la Bi Mizani alipewa na wanafunzi: alifundisha jinsi meli inavyoshika mizani yake majini, na hakuwahi kumwongezea mtu alama ya huruma.

Jambo ambalo hakulipima siku ile ni kwamba moja ya karatasi zile ilikuwa ya wifi yake, na wifi yake alilala chumba cha pili.

"Watu wa meli wamepiga simu tena," wifi alisema asubuhi moja, amesimama mlangoni mwa jiko. "Wanasema Ijumaa ndiyo mwisho. Meli inaondoka Jumatatu. Bila matokeo yenye muhuri wa chuo, nafasi yangu wanampa mtu mwingine."

Bi Mizani alikuwa anamkaangia baba mkwe yai. Aliligeuza, ingawa lilikuwa limeshaiva pande zote.

"Umewaambia kuna mgomo?"

"Nimewaambia. Wakasema bahari haina mgomo."

Mumewe alikuwa ameinama kwenye kiti, anafunga kamba za viatu vya kazi. Aliendesha kreni bandarini, na maneno yake yalikuwa machache lakini yalishuka yakiwa na uzito. "Karatasi zenyewe ziko chini ya kitanda ninacholalia," alisema. "Kila usiku naulalia mustakabali wa dada yangu."

"Si wa dada yako peke yake. Kuna wanafunzi wengine mle."

"Hao wengine hawali mezani kwangu."

Kutoka sebuleni, baba mkwe alikohoa ili ajulikane kwamba anasikia. Mzee alikuwa kuli wa zamani, na tangu avunjike nyonga na kuwekewa chuma, kiti chake kilikuwa kimehamishiwa pale ambapo angeweza kusikia nyumba nzima. "Mwacheni mkwe wangu," alisema. "Chuo kile sisi ndio tulikiweka pale. Maghala yale mawili yalikuwa shule ya makarani wa bandari, na makarani wenyewe walikuwa watoto wa wakubwa. Tukakataa kushusha mizigo. Meli zikapanga foleni hadi nje ya lango la bahari, ndizi zikaoza humo humo ndani, mji mzima ukanuka. Ndipo wakasema, haya, leteni na watoto wenu."

"Baba, hadithi hiyo naijua," wifi alisema. "Mimi ndiye mtoto mwenyewe. Nimesoma, nimemaliza, na sasa siwezi kutoka."

Yai likaungua.

*

Kampasi ya zamani ilikuwa bado ndani ya maghala yale yale, yameongezwa ghorofa na madirisha, ukuta kwa ukuta na gati. Ukifundisha humo ulijifunza kunyamaza honi ya meli inapolia na kuendelea na sentensi pale ulipoikatia. Serikali ilitaka kuyabomoa maghala ili bandari ipate uwanja wa makontena, na kitivo cha uhandisi wa meli kihamishiwe bara, safari ya nusu siku kutoka kwenye maji. Hilo ndilo lililowatoa wahadhiri madarasani.

Kila asubuhi Bi Mizani alikwenda kukaa langoni na wenzake. Siku ile, mhadhiri wa hesabu alipita akielekea ofisini kuchukua vitabu vyake. Ilikuwa imejulikana kwamba amesahihisha kwa siri na kupeleka alama kwa wakubwa. Watu hawakumtukana. Waligeuza tu viti vyao, mmoja baada ya mwingine, hadi akawa anapita nyuma ya migongo mitupu. Aliwahi kuwa mshenga katika ndoa za nusu ya watu wale.

Bi Mizani naye aligeuza kiti.

"Mtu kama huyo anajitazamaje kwenye kioo?" mwenyekiti wa umoja wa wahadhiri alimnong'oneza. "Bora wewe. Una mwanafunzi ndani ya nyumba yako na bado umekaza roho. Tunawaambia watu: mwangalieni Bi Mizani."

Bi Mizani akaitikia kwa kichwa. Ng'ambo ya barabara, kundi la wanafunzi waliokuwa wamekaa na mabegi yao lilianza kuzomea. Haikueleweka wanamzomea mhadhiri wa hesabu, au wale waliogeuza viti.

*

Kesho yake nyumba ilibaki tupu. Mume alikuwa zamu, na wifi alikuwa amempeleka mzee kliniki. Bi Mizani alifagia sebule, akafagia chumba, akafagia chini ya kitanda, na fagio likagusa lile shuka.

Wazo alilokuwa nalo lilionekana safi kabisa. Angeitazama karatasi ya wifi peke yake. Kama msichana amefanya vizuri, na bila shaka amefanya vizuri, angewaandikia watu wa meli barua yake binafsi, awahakikishie kwamba matokeo ni suala la muda tu. Barua si matokeo. Mgomo ungebaki mgomo. Alijieleza hivyo mara kadhaa huku akifungua fundo.

Akachukua kalamu ya risasi ili asiache wino. Akakaa sakafuni.

Swali la kwanza lilikuwa zuri. La pili lilianza vizuri kisha likapinda, tarakimu zikabadilishana nafasi. La tatu lilikuwa juu ya meli ambayo mzigo wake umehamia upande mmoja katikati ya safari, na linamtaka nahodha ajue kama meli itainuka au itapinduka. Wifi aliandika mistari miwili. Mstari wa tatu uliishia katikati ya neno, na kutoka kwenye neno hilo kalamu ilikuwa imeteleza, ikaburuta wino hadi pembeni mwa ukurasa. Kurasa zilizofuata zilikuwa na vipande vipande tu, kama mtu anayejibu huku akiitwa na watu wengine.

Alijumlisha. Thelathini na moja. Ya kupita ilikuwa arobaini.

Akarudia upya, akitafuta alama kama mtu anayetafuta pete aliyoidondosha mchangani. Thelathini na moja.

Ndipo alipokumbuka asubuhi ya mtihani. Wifi aliingia ukumbini amevaa kandambili, nywele zimelala upande mmoja, ametoka moja kwa moja wodini. Mzee alikuwa amepasuliwa wiki ile. Nani atalala naye hospitali? Mume alikuwa na zamu mbili mbili, Bi Mizani alikuwa na vipindi vya mwisho na mitihani ya kutunga, basi ikaonekana wazi kabisa, bila kikao wala swali, kwamba atakayelala sakafuni kando ya kitanda cha mzee ni msichana. Hakuna aliyemuuliza kama amesoma. Bi Mizani ndiye aliyemkabidhi karatasi ya maswali siku ile, na alichomwambia ni, "Chana nywele, wifi, watu wanakuangalia."

Alifunga shuka, akalirudisha chini ya kitanda. Barua hakuiandika.

*

Alhamisi alasiri gari la chuo lilisimama nje. Mkuu wa kitivo alishuka, na nyuma yake walinzi wawili waliobaki kizingitini. Familia nzima ilikuwa nyumbani. Mkuu aliwaamkia wote kwa adabu, akamshika mzee mkono, akakaa, akazungusha macho kwenye kuta.

"Nyumba nzuri," alisema. "Hii ni ya chuo, siyo?"

"Ni ya chuo," mume akajibu.

"Naam. Dada, sikuja kwa ugomvi. Nimesikia karatasi za mtihani ziko hapa. Karatasi ni mali ya chuo. Ukinikabidhi sasa hivi, nina watu wa nje wa kuzisahihisha. Kesho kabla ya saa sita huyu binti atakuwa na matokeo yake mkononi. Wewe hutakuwa umesahihisha chochote. Kiapo chako kitabaki salama."

"Nani amekwambia ziko hapa?"

Wifi, aliyekuwa amekaa kwenye mkono wa kiti cha baba yake, akasema, "Mimi. Nilikwenda ofisini kwake jana."

Bi Mizani alihisi uso umemchoma kama aliyepigwa kofi mbele ya wageni. Mumewe alitazama viatu vyake, na kwa namna alivyovitazama, Bi Mizani alijua kwamba na yeye alikuwa na habari.

"Wifi," Bi Mizani akasema, "nisaidie chai ya mgeni."

Jikoni, kabla hata ya mlango kurudi, wifi alikuwa ameshapiga magoti kwenye saruji. "Nimekusaliti, sawa, nitukane baadaye. Mpe tu. Nakuomba. Nimekupigia magoti, wifi, unataka nini zaidi?"

"Inuka."

"Siinuki."

"Inuka unisikilize. Zikipelekwa leo, utakuwa umefeli."

Wifi alibaki pale pale chini, mdomo wazi. "Umejuaje?"

Bi Mizani akafungua bomba ili maji yafunike sauti zao.

"Umesahihisha," wifi alisema polepole. Aliinuka akishikilia meza. "Wewe. Unayegeuzia watu kiti. Ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Tisa." Alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Tisa, wifi. Kwako wewe ni kitu gani? Ni kugeuza mkono tu. Futa, andika, wape hao watu."

"Najua ni kugeuza mkono tu."

"Nilikuwa wodini! Nilikuwa namgeuza baba ubavu huu, ubavu huu, asipate vidonda. Namsafisha. Baba yangu mzazi, namsafisha, ananiomba nizime taa ili tusitazamane. Wewe ulikuwa wapi?"

"Darasani."

"Unamfundisha nani? Si mimi? Mimi nilikuwa wodini!"

Bi Mizani alisema kwa sauti ndogo. "Tulikukosea. Mimi na kaka yako. Sitasema vinginevyo. Lakini wifi, nikikuongezea tisa, watakukabidhi meli yenye watu ndani. Siku mzigo ukihama, hutaweza kuwaambia ulikuwa wodini."

"Maneno mazuri hayo. Na wenzako pale langoni, wanajua umesahihisha?"

"Hawajui."

"Nikitoka hapo sebuleni nikasema?"

"Watakuamini. Na itakuwa kweli."

"Kuna nini huko?" mume aliita. Mkuu wa kitivo alikuwa akigonga vidole kwenye meza.

Wifi aliingiza mikono yote miwili chini ya bomba, akanawa uso, akajifuta kwa kanga. Hakumtazama Bi Mizani. Akatoka.

Bi Mizani alimfuata hadi mlangoni na kusimama hapo, mkono kwenye fremu. Alijiona tayari anapita langoni, viti vinageuka.

"Mkuu," wifi alisema, "naomba uniwie radhi. Nilidanganya. Nilikuwa na hasira na wifi yangu. Hakuna karatasi humu ndani."

"We!" Mume aliruka kutoka kitini. "Unasema nini? Si ziko—"

Mzee alipiga fimbo sakafuni. "Mgeni ameshajibiwa."

Mkuu wa kitivo alimgeukia mume taratibu. "Ziko wapi, ndugu yangu? Ulikuwa unasema."

Mume alisimama katikati ya sebule. Alimtazama baba yake, akamtazama dada yake aliyekuwa amesimama wima huku maji yakimchuruzika kidevuni, akamtazama mkewe. Ungedhani ananing'iniza kontena juu ya vichwa vya watu na hajui alishushe wapi.

"Mimi ni mtu wa kreni," alisema mwishowe. "Mambo ya karatasi siyajui."

Mkuu akainuka, akanyoosha shati. Mbele ya wifi alisimama kidogo. "Binti, unajua kesho ndiyo mwisho?"

"Najua."

"Haya. Na nyumba hii tutaizungumza siku nyingine."

Gari lilipoondoka, mume alilipuka. Alimtaka dada yake amweleze, na dada yake akasema ameghairi. Ameghairi nini? Ameghairi tu. Alimwambia ni mjinga, kwamba alikuwa na bahari mkononi akaimwaga, kwamba tangu leo asimtegemee kaka yake katika shida zake. Wifi alisikiliza yote. Mara mbili alifungua mdomo, na mara mbili Bi Mizani alingoja aitoe siri yao. Lakini wifi aliingia chumbani kwake na kufunga mlango, na tangu siku ile hakumsemesha Bi Mizani isipokuwa kwa mambo ya dawa za mzee.

Jumatatu meli iliondoka. Kutoka dirishani kwao bahari haikuonekana, lakini honi ilisikika vizuri sana.

*

Mgomo uliisha mwezi uliofuata. Serikali iliyaacha maghala, bandari ikapewa uwanja wa mpira wa chuo na kipande cha maegesho. Haukuwa ushindi mzima, lakini watu walikuwa wamechoka, wakaupokea kama ulivyo. Siku ya kufungua chuo waliitwa wote, wahadhiri na wanafunzi, katika ukumbi wa ghala la kwanza. Barua ya kuwahamisha kwenye nyumba ya chuo, ambayo Bi Mizani alikuwa akiihofia kila siku, haikuja.

Mwenyekiti alishika kipaza sauti. Aliwashukuru wengi, kisha akanyoosha mkono kuelekea safu ya mbele. "Na kuna mmoja aliyebanwa kuliko sisi sote. Karatasi zilikuwa kwake, wifi yake alikuwa anaipoteza nafasi, wakubwa wakamfuata hadi sebuleni. Hakusahihisha hata moja! Msimamisheni Bi Mizani tumwone!"

Walimsimamisha. Makofi yalijaa hadi mabati ya paa yakatetemeka. Bi Mizani alisimama, na katika safu za wanafunzi alimwona wifi yake. Wifi naye alikuwa anapiga makofi. Alipiga sawasawa na wengine, akimtazama usoni moja kwa moja, na aliacha wengine walipoacha.

Nje, karibu na lango, alimkuta anamngoja.

"Umepiga makofi," Bi Mizani alisema.

"Kila mtu alikuwa anapiga. Ningekaa mikono mapajani wangeniuliza."

"Ungeweza kusema kweli. Siku ile, na leo."

"Usinipambe, wifi." Walianza kutembea. "Unadhani nilikuficha kwa wema. Sikukuficha. Nilikuwa sitaki wale watu wa nje waione karatasi yangu. Niliona aibu, basi. Wewe ulipona tu kwa sababu ulikuwa kwenye mtumbwi mmoja na aibu yangu."

Walifika kona kabla hajaongeza, "Nataka kuiona."

"Matokeo yakitoka rasmi, tutakaa..."

"Leo."

Bi Mizani alitaka kusema kwamba haiwezekani, kwamba utaratibu hauruhusu. Akalimeza neno hilo, akaongoza njia.

Walikaa wote wawili ukingoni mwa kitanda, karatasi katikati yao. Wifi alisoma, kidole kikifuata mistari yake mwenyewe. Hawakumsikia mume akiingia kutoka zamu. Alisimama mlangoni na kofia ya kazi mkononi, akaona jina la dada yake, akaona ile namba ya kalamu ya risasi juu. Walimwona akiielewa, polepole, hadi mwisho.

Akasogea. Akaweka kidole chake kinene kwenye ule wino uliobururwa hadi pembeni. "Huu mstari ni wa nini?"

"Nililala," wifi alisema.

Mume akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Aliizungusha kofia mikononi. "Utarudia lini?" aliuliza.

"Muhula ujao. Nikipata muda wa kusoma."

"Kliniki ya mzee nitampeleka mimi."

"Wewe? Unajua kumvalisha suruali? Ule mguu wenye chuma haukunjwi."

"Nitajifunza."

"Basi njoo. Muda huu ndio anabadilishwa nguo."

Wakatoka. Bi Mizani alibaki kitandani na karatasi mapajani. Kupitia ukuta alisikia dada akielekeza, kaka akiguna, kitanda kikilia, kisha sauti ya mzee ikipaa juu ya zote: "Polepole, we! Shusha taratibu! Mimi si kontena!"

Wifi akaangua kicheko, cha kwanza tangu Alhamisi ile, na kaka yake akafuata. Bi Mizani aliinamisha kichwa akawasikiliza, hajui kama na yeye ana ruhusa ya kucheka.